Nusura Kumi na Tisa za Kituo Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote. Leo asubuhi, kati ya saa moja na saa mbili, nimevuka barabara mara ishirini na mbili. Sikuwa naenda popote. Na kila mara nimejihesabu.

Nieleze kwa utaratibu. Nimemaliza shule mwishoni mwa mwaka jana. Nimepata kibarua kwenye utafiti wa usalama barabarani. Nakaa kwenye kistuli, Kituo Namba Nne, nimevaa kizibao cha njano, na kila anapovuka mtu naweka kijiti kwenye fomu. Vijiti vinne vinasimama, cha tano kinalala juu yake. Kutazama watu kutwa nzima bila kuongea nao! Kama kazi hii haikubuniwa kwa ajili yangu, basi sijui ilibuniwa kwa ajili ya nani.

Ng'ambo ya barabara yupo mwenzangu. Msichana wa rika langu, nywele fupi, benchi refu. Yeye anaandika nusura, yaani kila mtu anayeponea chupuchupu kugongwa. Kila robo saa tunatakiwa kuinuliana mkono ili tuanze mstari mpya kwa pamoja. Ni sheria ya kazi. Anainua, nainua. Mara nne kwa saa, mara arobaini kwa siku. Najua ni sheria. Lakini nimepiga hesabu: tangu niache shule, hakuna mtu mwingine aliyeniinulia mkono hata mara moja.

Ijumaa iliyopita Mtafiti alitutangazia kwamba kituo chenye wavukaji chini ya mia na hamsini kwa saa ya asubuhi hakina faida kwake. Wiki hii ikiisha kitafungwa. Wahesabuji watatawanywa, mmoja huku, mmoja kule.

Leo wavukaji wa kweli walikuwa mia na ishirini na tisa. Ukijumlisha na mimi, mia na hamsini na mmoja.

Si uongo. Mwongozo wa kazi unasema tuhesabu mivuko, si watu. Nimeusoma mara mbili. Halafu nikausoma tena.


Jumanne, 4 Machi

Mpango umeboreshwa. Kabla ya kuvuka navua kizibao. Aliyevaa kizibao ni mhesabuji. Aliyekivua ni raia. Nikifika ng'ambo nagusa nguzo ya taa, kama muogeleaji anavyogusa ukuta, kisha narudi. Nguzo iko hatua tatu kutoka kwa mwenzangu. Nimeigusa mara kumi na tatu. Sikumwangalia hata mara moja.

Nimemwita Wa Ng'ambo, kwa kuwa jina lake silijui. Ningeweza kumuuliza. Kila nikifika pale ulimi unakuwa kama umeshonwa.

Fundi viatu anayekaa karibu na kistuli changu aliniuliza kama kuna kitu nimedondosha upande wa pili. Nikamjibu kwamba nanyoosha miguu. Akasema hajawahi kuona mtu ananyooshea miguu mbele ya malori, na kama nimeichoka miguu yangu nimwachie viatu. Mara ya kumi na saba basi lilinipigia honi nikaruka, kandambili ikabaki katikati ya barabara. Fundi alinishonea kwa uzi mwekundu huku akisonya. Nikamshukuru. Akasema nimshukuru dereva.

Jumla: mia na sitini na tatu. Ishirini na sita ni mimi.

Jioni, ndani ya gari la kutukusanya, Wa Ng'ambo alikaa na Dada wa Mzunguko. Huyu ndiye mhesabuji wa pale kwenye mzunguko wa magari. Mwandiko wake Mtafiti aliuinua juu tuuone, kama kikombe cha ushindi. Wanacheka wakati wote. Sijui wanachekea nini. Mimi nilikaa nyuma na zile koni za rangi ya chungwa. Koni hazina neno.


Jumatano, 5 Machi

Leo nilikwenda na sentensi. Niliifanyia mazoezi mbele ya kioo tangu alfajiri: "Leo magari ni mengi." Sentensi nzuri. Haimlazimishi mtu chochote. Anaweza kukubali, anaweza kukataa.

Shangazi alinikuta kioo kinaniangalia nami nakiangalia. Akauliza naongea na nani. Nikasema na mtu wa kazini. Akasema nimsalimie, kisha akarudi kwenye cherehani. Shangazi ni fundi nguo. Akishaanza kushona hasikii mpaka uzi ukatike.

Nilivuka huku nairudiarudia kimoyomoyo. Nikagusa nguzo. Nikageuka. Kwa mara ya kwanza nikamtazama usoni. Akainua macho, akangoja. Nikafungua mdomo.

Nikasema: "Mia moja sitini na tatu."

Kisha nikakimbia.

Kukimbia ndiko kuliniponza. Lori la maji lilisimama hatua moja kutoka kwenye mbavu zangu. Dereva akatoa kichwa dirishani akaniuliza kama mama yangu alinizalia barabarani hata nikaona ni nyumbani. Watu wakacheka. Mama mmoja mwenye kikapu akasema jamani mwacheni, huenda kafiwa. Nilipofika kwenye kistuli nikamwona Wa Ng'ambo anaandika. Aliandika kwa muda mrefu.


Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Watu wenye akili wamebaki majumbani. Wavukaji wa kweli: mia na kumi na nne. Balaa!

Nimevuka mara thelathini na nane. Mwavuli umepinduka mara mbili. Fundi viatu, kajikunyata chini ya turubai lake, akasema leo ajabu, watu wote wamefanana na mimi.

Lakini sikiliza. Saa moja na dakika ishirini na mbili, Wa Ng'ambo aliniinulia mkono! Si robo saa. Nilitazama saa yangu mara mbili. Nilikuwa ukingoni mwa barabara, na yeye kainua mkono nje ya sheria, kwa hiari yake. Nami nikainua. Akainua na wa pili. Nami wa pili. Akapunga kwa nguvu. Nikapunga kwa nguvu zaidi, nikapiga hatua mbele ili anione vizuri.

Kumbe alikuwa ananionya. Basi lilikuwa linakuja kwa kasi ukingoni, kwenye dimbwi. Liliniogesha kuanzia utosini. Fundi viatu alicheka mpaka nyundo ikamtoka mkononi.

Hata hivyo. Mikono miwili.

Jumla: mia na hamsini na mbili.


Ijumaa, 7 Machi

Hatufungwi!

Jioni Mtafiti alikuja mwenyewe na gari la kutukusanya, kalamu nne mfukoni, macho yanang'aa. Alisema Kituo Namba Nne, alichotaka kukifuta, kimegeuka kuwa almasi. Nusura kumi na tisa kwa wiki moja! Mzunguko mzima una sita. (Dada wa Mzunguko alitazama pembeni. Nilifurahi. Najua ni dhambi.) Na la ajabu zaidi, alisema, wote kumi na tisa ni wasichana, miaka kumi na sita hadi kumi na minane. Akaniuliza kama nimewaona.

Nikasema nimewaona.

Akauliza wanatembea kwa makundi au vipi. Nikasema mmoja mmoja. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Akasema wasichana wa siku hizi kuna jambo linawasumbua, na utafiti lazima uligundue. Ataandika sura nzima juu yao. Jumatatu atafunga kamera juu ya nguzo.

Nilitaka kusema. Nilikuwa karibu kabisa kusema. Lakini alifurahi mno, na mtu akifurahi hivyo mbele yangu huwa naogopa kusogea.

Fomu za nusura zimelowa mvua. Amenipa nizinakili upya nyumbani, kwa kuwa nina mwandiko unaosomeka. Kwa hiyo usiku wa leo nina fomu za Wa Ng'ambo mezani kwangu. Zote.


Jumapili, 9 Machi

Nimenakili nusura kumi na tisa. Zote ni mimi.

Kwenye fomu kuna kisanduku cha jinsia, cha umri, cha upande mtu alikotoka, na kingine kinachouliza: yuko na wenzake au peke yake? Mara kumi na tisa ameweka alama hapo hapo. Peke yake. Peke yake. Peke yake. Nimeandika maneno hayo kwa wino mweusi, mwandiko safi, mpaka mkono ukafa ganzi.

Mwishoni kuna nafasi ya maelezo mengine. Wahesabuji wengi huiacha wazi. Yeye hakuiacha. "Hana simu. Hakutazama kulia." "Midomo inatembea, kama anakariri kitu." "Amegusa nguzo akarudi." "Kandambili imebaki barabarani, ameirudia, hatari sana." "Amesema namba." "Amelowa. Leo anaonekana mdogo."

Hii ya mwisho nimeisoma mara sita. Mwalimu wa darasa, baada ya miaka minne, aliandika kwenye ripoti yangu neno moja: Mtulivu. Hakuna mtu aliyewahi kuandika habari zangu kwa urefu huu.

Niliinamisha kichwa mezani kidogo. Shangazi akauliza kutoka chumba cha mbele naandika nini kimya hivyo. Nikasema takwimu. Akasema afadhali, takwimu hazina kelele, wateja wake wanamtoa roho. Cherehani ikaendelea.

Sasa tatizo la kamera. Nisipovuka kesho, wasichana wametoweka, na Mtafiti atajua hesabu ni za kubuni. Nikivuka, kamera itaona ni mimi yule yule. Kusema ukweli nako kupo. Nimelifikiria hilo kwa dakika nzima.

Kisha nikazitazama nguo za wateja wa Shangazi, zimening'inia ukutani zikisubiri wenyewe. Magauni tisa.


Jumatatu, 10 Machi

Nitaandika haraka kabla sijapoteza ujasiri.

Saa kumi na mbili asubuhi nilitoka na begi la magauni. Nilimwomba fundi viatu nibadilishie nguo nyuma ya turubai lake. Akauliza ni sherehe gani. Nikasema ni utafiti. Akasema yeye kashona viatu miaka ishirini, hajawahi kusikia utafiti unaovaliwa gauni la mabega ya kuvimba. Lakini aligeukia upande wa pili, akanishikia begi.

Nikavuka kama mfanyakazi wa benki. Nikarudi. Nikavuka kama mwanafunzi wa uuguzi. Nikarudi. Nikavuka na gauni la msimamizi wa bibi harusi, rangi ya waridi, linaburuza nyuma kama mkia wa tausi. Basi zima lilinipigia vigelegele. Mkia ukanasa kwenye kifuniko cha mtaro, nikasimama katikati ya barabara navutana nao, magari yananizunguka kushoto na kulia. Wa Ng'ambo alisimama juu ya benchi. Sikuwahi kumwona amesimama.

Magauni yote tisa. Nilifika mwisho nikiwa hai. Nilijiona bingwa!

Jioni Mtafiti alifungua kompyuta yake kwenye boneti ya gari, akatukusanya wote tuwaone wasichana. Akaendesha picha kwa kasi ili tusikawie. Kumbe kwa kasi mambo yanaonekana vizuri zaidi. Magauni yakapita tisa, mwendo mmoja. Mabega juu, kichwa chini, mkono unagusa nguzo. Na chini ya kila gauni, hata la waridi, kandambili moja yenye uzi mwekundu.

Dada wa Mzunguko ndiye aliyeanza. Alisema, "Ala! Si huyu hapa?"

Walicheka wote. Walinigeukia wakacheka, wakairudia picha wakacheka tena. Nilitazama koni.

Mtafiti hakucheka. Hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema alishaandika kurasa kumi na moja. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba pale kuna watoto wa shule wanaovuka kweli, na yule mama wa kikapu, na fundi viatu. Kwamba mia na thelathini wa kweli wangetosha kuombewa kivuko, angewatetea kwa namna nyingine. Lakini sasa akipeleka namba za Kituo Namba Nne, nani atamwamini? Wiki nzima inafutwa. Tunaanza upya.

Sikulifikiria hilo. Naapa sikulifikiria. Nilidhani vijiti vyangu vinawaongezea wavukaji wa kweli nguvu.

Akaniuliza kwa nini. Wote wakasogea wasikie. Nikasema nilikuwa nafanya mazoezi ya mwili.

Akamgeukia Wa Ng'ambo: yeye alikuwa anaona, mbona hakusema ni mtu mmoja? Akajibu kwamba fomu haiulizi. Inauliza jinsia, umri, na kama mtu yuko peke yake. Hakuna kisanduku cha "ni yule yule". Mtafiti akachukua moja ya kalamu zake akaandika kitu kiganjani.


Jumanne, 11 Machi

Sikwenda kazini. Nilifua.

Shangazi alilia kwa sauti: nguo za watu! Nguo za watu barabarani! Akasema kama nilitaka kutembea nimevaa nadhifu ningemwambia, angenituma kwa wateja. Akaukagua ule mkia wa waridi, akakuta pindo limechanika shibiri moja. Nilingoja anipige kofi. Badala yake akaketi, akaweka pindo kwenye cherehani, akaniambia nishike upande ule ulionyooka. Nikashika. Tulikaa hivyo mpaka adhuhuri, yeye anashona, mimi nashika. Mara moja aliuliza kama huko kazini nina rafiki. Nikasema yupo mmoja. Akauliza anaitwa nani. Nikajifanya sijasikia kwa sababu ya cherehani.

Jioni Mtafiti alituma ujumbe. Mhesabuji wa kuziba nafasi yangu hapatikani. Nirudi, lakini kwa masharti: nitahesabu chini ya uangalizi. Hesabu itakayokwenda ofisini ni ya msimamizi wangu. Yangu ni ya mafunzo tu. Siku ambayo namba yangu italingana na yake, bila kupishana zaidi ya watano, nimefuzu. Nitapewa kituo changu mwenyewe, upande mwingine wa mji. Amewauliza wahesabuji nani atanisimamia. Mmoja akasema benchi lake ni refu.


Jumatano, 12 Machi

Niko kwenye benchi lake! Hata kiwiko kikiteleza kidogo tu kinamgusa.

Kazi ya nusura amepewa mtu mwingine. Sasa sote wawili tunahesabu wavukaji. Anatafuna karanga polepole. Ana alama ya kalamu kwenye shavu. Siwezi kumwita Wa Ng'ambo tena, kwa kuwa ng'ambo ndipo tulipo. Sasa hana jina kabisa.

Saa mbili kasoro kumi na tano alisogeza mfuko wa karanga ukawa katikati yetu. Nilichukua moja. Baada ya robo saa nikachukua nyingine.

Saa mbili akauliza nimepata ngapi. Nilikuwa nimepata mia na thelathini na wanne. Nikachungulia fomu yake: mia na thelathini na wanne. Sawasawa kabisa. Sijapishana hata na mmoja. Nimefuzu siku ya kwanza!

Nikasema mia na ishirini na moja.

Akanitazama. Akasema, "Basi kesho tena."


Ijumaa, 14 Machi

Jana yeye mia na thelathini na wanane. Mimi nikaandika mia na arobaini na tisa. Leo yeye mia na thelathini na mmoja. Mimi mia na ishirini na wawili. Nabadilisha, siku nyingine juu, siku nyingine chini, asije akashtuka. Mtafiti alipita akaguna, akasema hajawahi kuona mhesabuji anayeshindwa kiasi hiki na bado anang'ang'ana. Akasema nahitaji angalau wiki nyingine mbili. Nikajitahidi kuonyesha huzuni.

Nimeandaa ratiba. Wiki ijayo nitakosea kwa kumi na mbili. Inayofuata kwa nane, nionekane naendelea vizuri, kisha nitaanguka ghafla kwa ishirini. Kwa hesabu zangu naweza kushindwa mpaka mwisho wa Aprili, na kufikia hapo bila shaka nitakuwa nimeshamuuliza jina lake. Nimeandaa hata sentensi.

Leo aliniuliza, hivi hivi tu, macho barabarani, huwa nakaa na nani nyumbani. Nilishtuka mpaka nikajibu kwamba ni saa tatu na nusu. Akatikisa kichwa taratibu, kana kwamba hilo nalo ni jibu.

Usimwambie mtu kwamba najua kuhesabu. Hasa yeye.